Yah: Ombi la Saa Mbili

Kwa Meneja wa Zamu,
Kiwanda cha Blanketi,
Nakuru.

Barua hii nimeiandika mara tatu.
Ya kwanza ilikuwa na machozi, nikaichana.
Ya pili ilikuwa na hasira,
nikawashia jiko.
Hii ya tatu ina saa tu,
kwa kuwa wewe, Bwana Kariithi, ni mtu wa saa.

Saa kumi na mbili kasorobo king'ora kinalia.
Kinapita juu ya Bondeni, juu ya mabati ya Kaptembwo,
kinaingia chumbani kwetu kama mwenye nyumba.
Mama anaamka.
Anatafuta kitambaa cha kichwa, anatafuta kadi,
kadi nambari mia nne kumi na saba
aliyoirudisha ofisini nikiwa kidato cha pili.
Mkono wa kushoto haumtii tena,
lakini wa kulia unajua njia:
unafunga vifungo vya ovaroli isiyokuwepo,
kimoja, kimoja, hadi shingoni.
"Nekoye, nimechelewa. Uzi utakatika."

Pengine mnamkumbuka. Rasoa, wa mashine ya saba.
Miaka ishirini na tisa aliunga nyuzi
bila kusimamisha mtambo.
Amesahau jina la marehemu baba,
amesahau kama amekula.
King'ora chenu hajakisahau.

Basi namshika bega, namwambia,
Mama, leo ni Jumapili.
Jumatatu namwambia ni Jumapili.
Alhamisi namwambia ni Jumapili.
Huketi. Huuliza kama tutaenda kanisani.
Nasema, uji kwanza.
Uji ni nusu saa, kijiko kwa kijiko,
maana koo nalo limesahau kazi yake.
Kumwosha, kumgeuza, kumpaka mafuta
pale mgongoni ngozi inapotaka kupasuka,
hiyo ni nusu saa nyingine, akiwa na siku njema.
Kisha namngoja mama Jebiwott wa mlango wa pili
amalize kuuza maziwa, nipate wa kumwachia.

Kwa hiyo naomba saa mbili.
Isome utakavyo:
niingie saa mbili,
au unikopeshe saa mbili;
hesabu ni ile ile.
Jioni nitazilipa, mpwa wangu akisharudi shule,
dakika kwa dakika, hata kwenye vumbi la pamba
ambalo hakuna anayeligombea.

Nimesoma kitabu cha kanuni.
Kuna ukurasa wa kujifungua.
Kuna ukurasa wa mazishi, siku tatu.
Kati ya kuzaliwa na kuzikwa
hakuna ukurasa.

Ulisema, "Nikikupa wewe, watataka wote."
Wote ni akina nani?
Nimewahesabu wakati wa chakula.
Opondo wa boila, mkewe husafishwa damu mara mbili kwa wiki.
Wangeci wa pindo, mwanawe haongei,
na shule inayompokea hufungua lango saa moja.
Mlinzi hasemi neno, ila kila saa nne simu yake huita,
naye hugeukia ukuta, akajibu kwa sauti ya kubembeleza.
Hao ndio wote.
Wanatosha benchi moja.

Mwezi uliopita nilichelewa dakika kumi na mbili,
mkanikata nusu siku.
Sikulalamika. Nilijiuliza tu
zile dakika alizozitoa mama bila kuandikwa
mliziweka ghala gani.

Neno moja tena, ambalo si ombi.
Jumapili yenyewe ikifika, king'ora hakilii.
Mama hulala hadi jua liguse sufuria.
Mimi ndiye huamka, kasorobo ile ile,
nikaketi ukingoni mwa kitanda gizani,
nikipapasa mtoni na chini ya godoro,
natafuta kadi.

Ni mimi wako mtiifu,
Nekoye,
mashine ya saba.